Pikapu Iliyozima Langoni kwa Kaka

Pikapu yangu ilikuwa inazima kila ikisimama. Niliishi na tabia hiyo zaidi ya mwaka mzima kabla haijawa kesi ya mtu. Najua msomaji ataniuliza kwa nini sikuipeleka kwa fundi mapema. Ningependa kumwona msomaji huyo akiamka alfajiri Bunda kufuata dagaa Kibara, akirudi na magunia hadi sokoni, kesho yake Nyamuswa, keshokutwa Kibara tena, halafu anieleze siku ya kulaza gari gereji ingetoka wapi. Sisi wenye magari mazee hatuyatengenezi. Tunayazoea. Nilijifunza kukanyaga breki kwa vidole na kupapasa mafuta kwa kisigino cha mguu huohuo, injini ikawa inaendelea kukohoa mpaka nikiondoka. Nilifanya hivyo bila kufikiri, na abiria wangu wengi hawakujua kama gari lina ugonjwa wowote.

Kisha kaka yangu akafariki, hospitalini Musoma. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, yeye na mimi. Wazee wakasema gari la nyumbani ndilo limrudishe nyumbani, na gari la nyumbani lilikuwa langu. Niliosha bodi ya nyuma mara tatu kwa sabuni ya unga na bado ilinuka dagaa. Nikalia kwa sababu ya harufu ile kuliko nilivyolia nilipopewa habari yenyewe.

Kwetu, upande ule wa Butiama, gari lililobeba maiti halisimami njiani. Linafungwa matawi mabichi mbele, linawasha taa mchana kweupe, na linakwenda mpaka nyumbani. Likizima lenyewe, wazee wanasema marehemu ana neno, na kwamba hataendelea na safari mpaka neno lile lisikilizwe. Baba mdogo, ndugu wa baba aliyebaki, alinikumbusha tukiwa bado nje ya chumba cha maiti. Ni mzee wa kanisa, alikuwa karani wa pamba zamani, na ni mtu ninayemheshimu. Alinishika bega akasema, "Mwanangu, usisimame popote. Mtu akishaanza safari ya kwao hasimamagi."

Sikusimama. Tulipita Nyakato watu wakivua kofia. Pale Makutano askari wa barabarani aliona matawi akatupungia mkono tupite. Barabara ya vumbi ya kuingia kijijini niliipita kwa gia ya pili, baba mdogo na wanaume wengine wamekaa bodini kulizunguka jeneza, nami peke yangu mbele na machozi yangu.

Langoni kwa kaka watu walitoka mbio wakilia. Mbele yao wote alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili. Nilipomwona nilisahau kisigino. Nikakanyaga breki kwa mguu mzima, kama mtu mwenye gari zima anavyokanyaga, na pikapu ikazima.

Niligeuza ufunguo. Nikageuza tena, nikipiga mafuta kwa mguu kama mwendawazimu. Stata ikazunguka na kuzunguka, injini haikushika. Kilio kikaanza kupungua kidogo kidogo, kikakoma kabisa, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio. Baba mdogo akateremka kutoka bodini, akaegemea dirisha langu, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Acha, mwanangu. Huyu amekataa kuingia."

Macho yote yakamwendea wifi. Kila mtu pale alijua kwamba mwezi mmoja kabla waligombana na kaka, akaenda kwao kukaa wiki mbili, na kaka akaanza kuugua katika wiki hizo hizo, akiwa peke yake na watoto wawili wakubwa. Waligombana juu ya nini sijui hadi leo. Alirudi aliposikia anaumwa, akamuuguza mpaka mwisho, akalala sakafuni hospitalini siku zote zile. Lakini mambo hayo hakuna aliyeyakumbuka pale langoni.

Baba mdogo alirudi kwenye jeneza akaongea na kaka kwa lugha ya nyumbani. Aliongea polepole, labda dakika kumi. Alimwambia tumesikia, lenye shida litakaliwa kikao, asituaibishe mbele ya wageni, aingie kwake apumzike. Kisha akanigeukia. "Washa."

Nikageuza ufunguo mara moja tu. Injini ikawaka.

Watu walishusha pumzi kwa pamoja. Nami nilikuwa mmoja wao. Nimekuwa dereva miaka mingi, nalijua gari langu na uchafu wake wote, na bado nywele zilinisimama.

Baada ya maziko ukoo ukapanga kwamba siku ya arobaini tutakaa. Hakuna aliyelitamka jambo lenyewe waziwazi, ila wanawake jikoni walilijua vizuri: wifi arudishwe kwao, watoto watatu wabaki kwa ukoo, na mji ule, yaani boma lote la kaka, apewe mtoto mkubwa wa baba mdogo autunze. Mtoto wa mwisho wa wifi alikuwa bado ananyonya. Yeye mwenyewe aliendelea kuchota maji na kusonga ugali wa wageni kama hasikii, na usiposikia kitu kinachosemwa jikoni kwako mwenyewe, basi umekisikia sana.

Nilimfuata baba mdogo kabla sijaondoka. "Baba, ile gari inazimaga kila siku. Si neno la marehemu."

"Mbona kutoka Musoma haikuzima?"

"Sikusimama, baba. Wewe ndiye ulisema nisisimame."

"Sawa. Na mimi nilipoongea naye, kwa nini iliwaka?"

Hakuwa ananikejeli. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua. Akanipigapiga mkono akasema nimechoka, niende nikalale. Kuhusu uchovu alisema kweli.

Ndivyo nilivyoanza kuzunguka gereji, si ili gari lipone, bali ili mtu anieleze lilikuwa linaumwa nini.

Fundi wa kwanza yuko Bunda, karibu na stendi. Ni kijana mchangamfu, simu iko sikioni muda wote, anakutibia gari huku akibishana na mtu mwingine juu ya mpira. Alisikiliza injini kwa nusu dakika, akasema, "Mama, sailensi iko chini." Sailensi ni ule mngurumo wa gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Akachukua bisibisi, akageuza skrubu moja kwenye kabureta, pikapu ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. "Hapo haizimi tena."

Na kweli, haikuzima. Niliendesha siku mbili, nikasimama kila mahali, haikuzima. Nikampigia simu baba mdogo nikidhani nina ushahidi. Nikamwambia, unaona, ilikuwa sailensi, fundi ameipandisha imepona. Akasema, "Mwanangu, tumezika, tumemwahidi kikao, na gari imepona. Wewe mwenyewe unaniambia."

Nilikata simu nikapiga usukani kwa kofi mpaka kiganja kikawaka moto.

Siku ya tatu, Kibara, nikiwa nimepakia magunia ya dagaa, nikasimama kumpisha mama mwenye ndoo, na pikapu ikazima. Nilipiga vigelegele. Wachuuzi wenzangu wakanitazama kama mtu aliyepagawa. Mmoja akasema, "Huyu kafiwa na kaka, mwacheni." Wakanisukuma huku wakinionea huruma, na mimi huko ndani nacheka peke yangu.

Fundi wa pili yuko Musoma, Nyakato, mtu mzima mwenye gereji ya mabati na kijitabu cha kuandikia. Nilimpa heshima zote. Alibadilisha plagi, akafungua kabureta akaiosha kwa petroli, akaweka filta mpya. Alifanya kazi nzuri, sina ugomvi naye. Gari likawa jepesi barabarani. Lakini nilipofika kwenye geti lake la kutokea, nikakanyaga breki kupisha bodaboda, likazima. Nilirudi kwa miguu nikamwambia. Akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kwa upole. "Mama, gari ni zee. Na mzee naye huwa anachoka tu, hana ugonjwa."

Nilikaa kwenye tairi lililolala pale nje. Siku ile ndiyo nilichoka kweli. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Nilihesabu kilichobaki kufika arobaini, nikaona siku zinaniishia. Tena niseme kitu ambacho sikumwambia mtu wakati ule: mashaka yalianza kuniingia. Nilifikiri, huenda gari linazima kwa sababu zake siku zote, na siku ile lilizima kwa sababu nyingine. Huenda baba mdogo yuko sahihi. Huenda kaka alikuwa na neno na mimi nazunguka na spana kulifunika. Nilimwaza wifi, nikajiuliza walikuwa wamegombania nini, na kwa nini hajawahi kuniambia, mimi ninayejiita rafiki yake. Nilimwaza vibaya, kwa dakika nyingi, nikiwa nimekaa juu ya tairi la mtu.

Jibu lilianza kuja lenyewe njiani, na lilikuja kwa sababu ya uvivu. Nilikuwa naelekea Nyamuswa. Mbele yangu ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, kundi kubwa lisilo na haraka. Barabara pale ilikuwa inapanda kidogo. Nilikuwa nimechoka mno hata mguu kuuinua, nikatoa gia tu, mlima wenyewe ukasimamisha gari. Ng'ombe wakapita wote na injini ikiunguruma. Haikuzima. Walipokwisha gari likaanza kurudi nyuma, nikagusa breki. Ikazima palepale.

Nilikaa katikati ya barabara nikitazama ule mguu wangu. Sikuwa nimewahi kutofautisha kusimama na kukanyaga breki. Kwa dereva ni kitu kimoja.

Nyamuswa yupo mzee anayetengeneza mashine za kusaga na matrekta. Magari hayapendi, anasema yana kelele nyingi kuliko kazi. Nilimbembeleza. Nilipoanza kumweleza alinikatisha kwa swali moja. "Inazimaga ikisimama, au ikikanyagwa breki?"

Ningeweza kumkumbatia. Fundi wa kwanza na wa pili hawakuuliza hivyo, na hata mimi nilikuwa nimejiuliza asubuhi ile tu.

Akaniambia niwashe, nisiliondoe gari mahali lilipo, nikanyage breki taratibu. Injini ikaanza kutetemeka. Nikashindilia, ikafa. Tukarudia. Mara ya tatu akaingiza kichwa chini ya usukani, karibu na miguu yangu, akasema, "Sikiliza." Nikasikia upepo unavuta, ssss, kama mtu anayenyonya hewa kwa meno.

Alinionyesha chombo cha duara kama sufuria mbili zilizofunikana, kilichofungwa mbele ya pedali ya breki kwa upande wa injini. Wao wanakiita sevo. Kazi yake ni kukusaidia kukanyaga, ili breki iwe laini. Ndani yake kuna ngozi ya mpira, na injini inavuta hewa kutoka humo kupitia bomba la mpira. "Ngozi imepasuka," alisema. "Ukikanyaga breki, tobo linafunguka, injini inanyonya upepo mwingi kuliko petroli. Inakosa pumzi, inakufa. Ukipandisha sailensi inahimili siku mbili tatu, mpasuko ukikua inashindwa." Akachukua koleo, akalibana lile bomba. "Kanyaga." Nikakanyaga. Breki ikawa ngumu kama jiwe, lakini injini haikuyumba. Akaachia koleo. "Kanyaga." Ikafa.

Nikamuuliza swali la baba mdogo. Nilimwambia, ikizima, nikawasha ikakataa, kisha nikaiacha dakika kumi ikawaka mara moja, ni kwa nini? Akacheka kidogo. "Ulikuwa unapiga mafuta kwa mguu?" Nikasema ndiyo. "Basi uliinywesha mpaka ikazidiwa. Ukiiacha inakauka, inawaka. Hata ungeimbia wimbo, ingewaka."

Nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya mashine zake za kusaga. Alifikiri nalilia ubovu, akasema nisijali, sevo ya mtumba inapatikana Musoma, atanifungia kesho. Nikamwambia asifunge.

"Nisifunge vipi?"

"Nataka ibaki hivihivi. Na ile sailensi irudishe chini, kama ilivyokuwa mwanzo."

Nikamweleza yote, langoni, jeneza, wifi, arobaini. Akachukua bisibisi akashusha sailensi mpaka ikawa inakohoa kama siku ile, akanipa koleo lake, akaniambia niende polepole na nisiwaamini ng'ombe.

Siku ya arobaini tulisali, tukala, kisha wazee wakavuta viti chini ya turubai. Wanawake tulikaa kwenye mikeka, wifi pembeni na mtoto mapajani. Baba mdogo akaanza kwa maneno mazuri juu ya kaka. Nilimngoja amalize, kisha nikasimama. Kwetu mwanamke hasimami kabla hajaulizwa, na nilisikia mikeka ikinong'ona nyuma yangu. Nikasema, "Baba, naomba uje kwenye gari. Naomba ukae wewe kwenye usukani."

Walikuja wote. Baba mdogo akapanda, akavua kofia akaiweka pembeni. Gia ilikuwa imetolewa, breki ya mkono imevutwa. Nikapitisha mkono dirishani nikawasha. "Kanyaga breki, baba." Akakanyaga, ikazima. Nikawasha tena, akakanyaga, ikazima. Mzee mmoja nyuma akasema dereva huyu anazima kwa ufunguo. Ufunguo wa pikapu ile umelika, unachomoka hata injini ikiwa inawaka. Nikawasha, nikauchomoa, nikampa yule mzee aushike. Baba mdogo akakanyaga. Ikazima.

Kisha nikafunua boneti, nikalibana bomba kwa koleo, nikaomba ufunguo urudishwe. Injini ikawaka. "Kanyaga sasa, baba." Akakanyaga. Ikaendelea kuunguruma. Akakanyaga tena, na tena, kwa nguvu zake zote, jasho likimtoka. Alikuwa kama anamwomba mtu amjibu. Nikamweleza na habari ya petroli iliyozidi, na zile dakika kumi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika usukani.

Shangazi mmoja akasema, "Sawa, lakini kwa nini izime palepale langoni, isizime pengine?"

Hasira yote ya siku arobaini ikanipanda. "Kwa sababu pale ndipo nilipofika! Mngetaka nikanyage breki wapi, shambani kwa watu?"

Wengine wakacheka, kicheko cha watu walioondolewa mzigo. Baba mdogo alishuka, akavaa kofia, akawaambia wazee wenzake kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, "Ilikuwa breki. Nimekanyaga mwenyewe. Mke wa marehemu akae kwake na watoto wake." Kikao kikaisha hapo. Namshukuru mpaka leo, maana wapo wasiokubali hata wakikanyaga wenyewe.

Nilimkuta wifi nyuma ya nyumba, anaosha sufuria za wageni, mtoto amelala mgongoni. Nilikuwa bado na koleo mkononi, mikono myeusi kwa grisi. Sitaficha, nilikwenda kushukuriwa. Miguu iliniuma, kichwa kiliniuma, nilikuwa nimezunguka Bunda, Musoma na Nyamuswa kwa ajili yake, na nilitaka anishike mikono, tulie pamoja, ipite.

"Wifi, yamekwisha," nikamwambia. "Unakaa kwako."

"Nimesikia. Asante, wifi."

Aliendelea kusugua. Nikasubiri. Akasuuza sufuria, akaifunika juu ya jiwe, ndipo akaniinulia macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kuliko mimi.

"Wifi, nikuulize. Huyo fundi asingeliona hilo tobo, leo ungesimama ukawaambia nini?"

Miaka kumi na minne nimekula kwake. Nilifungua mdomo, nikatafuta neno moja ambalo ningelisema mbele ya wale wazee bila koleo mkononi. Alinisubiri kwa heshima, muda mrefu kabisa, kisha akavuta sufuria nyingine.